Anza na sentensi, jina litafuata

Anayetafuta jina la mvuto wake, yaani nani humvutia, au la jinsia yake mara nyingi huanza na orodha. Usiku anafungua simu na kukuta gei, lesbiani, baiseksua, panseksua, aseksua, transijenda, nonbainari, kwia, kila neno na bendera yake na maelezo ya mistari miwili. Baada ya saa moja amejiona kidogo katika maneno sita na hajajiona sawasawa katika hata moja. Njia hiyo huchosha. Kwa mtu wa Lamu au Malindi ina kasoro nyingine tena: orodha zile ziliandikwa na watu wenye majirani wengine, jamaa wengine na lugha nyingine, na hazijui mtaa wa Mkomani wala wa Maweni.

Mimi hushauri kuanza na sentensi. Andika jambo unalotaka kulisema, kwa Kiswahili cha nyumbani, bila kutumia neno lolote la ile orodha. "Moyo wangu huenda kwa wanawake." "Sijapata kumtamani mtu kimwili, lakini nataka mwenza wa kuzeeka naye." "Nikiitwa kaka naona anaitwa mtu mwingine." Sentensi ikishatulia, kuitafutia jina ni kazi ndogo, na ukikosa jina bado una sentensi ya kumwambia mtu akakuelewa.

Kabla ya kuandika, tenga maswali, maana mengi huharibikia hapa. Kuna mwili uliozaliwa nao. Kuna nafsi: unajijua mwanamke, mwanamume, vyote viwili, au hakuna hata kimoja. Kuna mvuto: nani anakushtua moyo na nani unamtamani. Halafu kuna mwenendo: sauti, mwendo, mavazi, mikono wakati wa kuongea. Manne haya hayavutani kama magari ya treni. Mvulana mwenye sauti laini hubandikwa jina na wenzake tangu chuo cha Kurani, hata anafika miaka ishirini akiamini kwamba swali la mvuto wake lilishajibiwa na watoto wa miaka tisa. Huenda anawatamani wanawake tu. Na msichana anayecheza mpira na kuchukia buibui huitwa jikedume, akadhani kwa hiyo lazima awe anapenda wanawake au lazima awe mwanamume ndani. Huenda ni mwanamke anayependa wanaume na kuchukia joto.

Wanazuoni nao walijua kutenga. Imam an-Nawawi, wa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa Lamu, aliyefariki mwaka 1277, alisema kwamba mwanamume aliyeumbwa na tabia za kike hana lawama wala dhambi kwa tabia hizo, tofauti na yule anayejifanyisha makusudi. Hukumu ya matendo kwake ni mlango mwingine kabisa, na simtaji ili kuhalalisha au kuharamisha chochote. Namtaja kwa sababu alikataa kumlaumu mtu kwa mwendo aliozaliwa nao, jambo ambalo baraza zetu nyingi bado hulifanya. Fikihi pia ina neno huntha kwa mtu ambaye viungo vyake vya uzazi havikuingia waziwazi upande wa kike au wa kiume, na vitabu vya mirathi vimemwekea milango yake. Leo wengi husema intaseksi. Neno hilo ni la mwili. Halisemi lolote juu ya nani mtu huyo anampenda, na halifai kuazimwa na mtu anayetaka kueleza nafsi yake tu, kwa sababu wenye maumbile hayo wana vita vyao, hasa juu ya watoto kufanyiwa upasuaji kabla hawajaweza kusema. Sensa ya Kenya ya 2019 ndiyo ya kwanza kuwahesabu, ikaandika watu 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawataja.

Sasa maneno tuliyonayo wenyewe. Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo watu wa pwani hujikwaa kuliko popote.

Shoga asili yake ni neno zuri: mwanamke humwita hivyo rafiki yake mwanamke, na kwenye ukumbi wa harusi Lamu bado utalisikia, "shoga yangu, njoo hapa," bila mtu kugeuka. Likimwelekea mwanamume hugeuka tusi au tuhuma. Kwa hiyo neno moja lina maana mbili zinazotegemea aliyesema na aliyeambiwa. Mwanamume anayetaka kujiita shoga kwa kulikomboa anaweza, wapo wanaofanya hivyo wao kwa wao, lakini ajue kwamba nje ya duara lake neno hilo halijakombolewa. Hanithi wengine hulitumia kwa maana ya mwanamume asiyeweza tendo la ndoa na wengine kwa maana ya shoga. Kwa sababu ya utata huo halimsaidii mtu yeyote. Msagaji limetokana na kusaga. Msenge ni tusi, basi.

Tazama yanavyofanya kazi. Msagaji linataja kitendo. Basha na shoga wanapotajwa kwa pamoja hutaja nafasi mbili za tendo, na mazoea ya pwani humwona basha kama mwanamume wa kawaida, tena mara nyingi mume wa mtu, aibu yote ikimwangukia mwenzake. Gei halikujengwa hivyo. Linataja mvuto, na linawahusu wote wawili sawasawa, aliyeko juu na aliyeko chini, hata ambaye hajamgusa mtu maisha yake yote. Ndiyo maana wanaume wawili waliokaa pamoja miaka mitatu wanaweza kuulizwa na mmoja akajibu kwa moyo safi "mimi si gei." Hajasema uongo. Amejibu swali la nafasi wakati ameulizwa swali la mvuto. Ukiwa katika uhusiano, swali hili lifafanueni mapema: unaposema neno hili, unataja unachofanya, unachotamani, au watu unaojihesabu kuwa wao ni wako?

Na msione haya kwamba Kiswahili hakikuwa na neno tayari. Lugha za Ulaya nazo zilichelewa. Neno la Kijerumani lililozaa maneno yote haya ya "homo" na "hetero" lilibuniwa na mwandishi wa Kihungari, Karl-Maria Kertbeny, na likachapishwa mara ya kwanza mwaka 1869 katika vijitabu vya kupinga sheria ya Prussia. Watu walikuwepo kabla ya neno, huko na huku.

Kiswahili kina tunu moja kubwa: "yeye" haina jinsia. "Nina mpenzi wangu, anakaa Malindi, anapenda samaki wa kupaka." Hakuna aliyejua ni mwanamke au mwanamume, na hujadanganya. Wanaoumizwa na viwakilishi katika Kiingereza hapa hupumzika. Jinsia yetu imejificha kwingine, kwenye majina ya jamaa na ya heshima: kaka, dada, mjomba, shangazi, ami, wifi, Bwana, Bi, na lile bin au binti katikati ya jina. Basi anayejiuliza kama ni transijenda, ambaye nafsi yake haifuati mwili aliozaliwa nao, au nonbainari, asiyejijua kuwa mwanamke tu wala mwanamume tu, asijipime kwa "yeye." Ajipime kwa hayo. Chukua wiki moja, kila unapoitwa kaka, dada, mama fulani au mjomba, angalia mwili wako: limekaa, limekwaruza, au halikukugusa? Kukwaruza kwa jina moja siku moja hakusemi kitu, huenda aliyeita ndiye anayekukera. Kukwaruza kwa yote, kila siku, hata kutoka kwa unayempenda, kunasema. Halafu yajaribu ya upande wa pili kichwani kabla ya kumwomba mtu. Wapo wanaofarijika nayo papo hapo. Wapo wanaokuta yanakwaruza vilevile, na hao mara nyingi hustarehe na yale yasiyo na upande: ndugu, mwenzangu, somo, mwanangu, mpwa, jirani, mwalimu. Kumwomba mtu mmoja unayemwamini akuite ndugu badala ya kaka ni ombi dogo lisilohitaji maelezo, na ni jaribio zuri kuliko kusoma kurasa mia.

Kitu kingine cha kujipimia ni kitenzi kuoa. Kwetu mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Jisikilize ukisema "nitaoa," kisha "nitaolewa," kisha "tutaoana." Moja katika hizo hukaa mdomoni kuliko nyingine. Jihadhari pia na "napenda." Napenda wanawake inaweza kuwa heshima, mazoea, huba au tamaa. Ukiandika sentensi yako tumia kitenzi kinachochagua: navutiwa, natamani, nataka kuishi naye, nampenda kama ndugu. Mtu wa aseksua hasa hupotezwa na "napenda," kwa sababu kupenda anapenda sana. Kinachokosekana ni kutamani.

Kwa mvuto, chombo ninachokiamini ni jedwali la Fritz Klein, daktari wa akili aliyezaliwa Vienna na kufanya kazi Marekani, alilolitoa mwaka 1978. Kabla yake Alfred Kinsey alikuwa na mstari mmoja tu wa 0 hadi 6, wa mwaka 1948, kutoka jinsia tofauti tupu hadi jinsia moja tupu. Klein aliona mstari mmoja unasonga watu. Akaweka safu saba: mvuto, matendo, ndoto za mchana, mapenzi ya moyo, watu unaopenda kukaa nao, namna unavyoishi, na unavyojiita. Kila safu ina vyumba vitatu: zamani, mwaka huu mmoja uliopita, na unavyotamani iwe. Jumla vyumba 21, kila kimoja tarakimu 1 hadi 7. Moja ni jinsia nyingine tu, saba ni jinsia yako tu, nne ni sawa kwa sawa.

Ukilitumia Lamu bila kulirekebisha litakudanganya. Safu ya watu unaopenda kukaa nao haina maana hapa: wanaume hukaa barazani na wanaume, wanawake ukumbini na wanawake, harusi zimetengwa, na vijana wawili wa kiume kushikana mikono njiani ni urafiki. Kila mtu atapata sita au saba. Ifute. Safu ya matendo nayo isome kwa uangalifu, kwa sababu hupima nafasi pamoja na tamaa. Kijana asiyeruhusiwa kukaa peke yake na msichana, lakini analala chumba kimoja na binamu zake, matendo yake ya miaka kumi na sita yanaeleza nyumba yao kuliko moyo wake. Vilevile aliyeozwa mapema ana matendo mengi ambayo hakuyachagua. Safu mbili zenye uzito ni mvuto na ndoto za mchana, kwa sababu huko hakuna aliyekuchagulia.

Kasoro ya tatu ni ya jedwali lenyewe: asiyemtamani yeyote hana pa kuandika, na anayewatamani wote sana hupata nne sawa na anayewatamani wote kidogo. Badala ya tarakimu moja, andika mbili katika kila chumba, ya wanawake na ya wanaume, 0 hadi 5. Hapo 0 na 0 itaonekana wazi, na 5 na 5 pia. Ukiwa na mvuto usioangalia jinsia kabisa utajikuta huwezi kuzitenga tarakimu hizo mbili, na hiyo ndiyo ishara wanaojiita panseksua hueleza.

Lijaze mara mbili, mwezi mmoja kati yake. Usilijaze wiki uliyoachwa, kwa sababu safu ya "unavyotamani" itajaa hasira. Usilijaze katikati ya Ramadhani, mwezi ambao mtu amejizuia kwa makusudi. Tarakimu za mara mbili hizo zikitofautiana kwa moja hapa na moja pale, sawa. Zikitofautiana kwa tatu, subiri na ujaze tena. Na liandike kwa tarakimu tupu, bila vichwa vya safu. Vichwa viweke kichwani. Karatasi yenye tarakimu peke yake ikiokotwa inafanana na hesabu ya duka, na katika nyumba za Lamu, watu sita na kabati moja, karatasi huokotwa.

Jina likipatikana, livae faraghani kwanza. Siku kumi na nne, liseme kwa sauti ukiwa peke yako, ndani ya sentensi nzima, si neno tupu. "Mimi ni mwanamke ninayependa wanawake" na "mimi ni lesbiani" huenda zina maana moja lakini haziingii moyoni kwa njia moja. Wengi wa pwani hubaki na sentensi ndefu na kuliacha neno la kigeni, na hilo ni chaguo kamili, halipungukiwi. Wengine hupenda kuchu, neno lililovuka kutoka Uganda na kuenea Afrika Mashariki, kwa sababu linawachukua wote bila kumwuliza mtu ni nani hasa. Ukiwa huna uhakika kama ni baiseksua, anayevutiwa na wanawake na wanaume, au gei, kuchu linakupa nafasi.

Tofautisha pia wanaokusikiliza. Daktari hahitaji jina lako. Anahitaji matendo, viungo na siku. Mwambie: "Nilijamiiana na mwanamume, juzi usiku, bila kondomu." Hilo lina haraka, kwa sababu dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi baada ya hatari huanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28, na mwanamume aliyejibu "mimi si gei" na kurudi nyumbani amepoteza saa hizo kwa ajili ya neno. Kama unameza homoni ulizojinunulia, taja dawa na kipimo. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za mwelekeo wa mtu wa kimapenzi ni data nyeti. Una haki ya kuuliza zinaandikwa wapi na nani atazisoma, na ni vyema kuuliza kabla ya kusema, hasa penye mhudumu ambaye ni binamu wa jirani.

Kwa sheria ya makosa ya jinai, jua mstari ulipo. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu ya Kenya huadhibu matendo, cha kwanza hadi miaka 14 na cha pili hadi 5, na Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Kujiita gei, lesbiani au transijenda peke yake hakumo katika vifungu hivyo. Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba NGLHRC, shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji, lilibaguliwa liliponyimwa usajili, na kwamba Katiba inalinda haki ya watu hawa kujiunga pamoja. Hatari ya kila siku haitoki mahakamani. Hutoka kwa simu. Programu za kutafutia wapenzi huonyesha umbali, na katika mji ambao unaweza kuuvuka kwa miguu, "mita 80" pamoja na neno ulilojiandikia ni sawa na kubandika anwani. Zima umbali, acha nafasi ya jina wazi, na usitumie picha iliyoko pia katika akaunti yako ya kila siku. Malindi pana watu wengi na wageni wengi zaidi, nafasi ya kujificha ni kubwa, na wategaji nao ni wengi zaidi. Akikutisha mtu kwamba atakutangaza, usilipe. Malipo ya kwanza humfundisha kwamba unalipa. Piga picha ujumbe wake na namba yake, kisha tafuta msaada wa kisheria. NGLHRC hutoa, na Mombasa kuna shirika la PEMA Kenya.

Familia iache mwisho, na usiipelekee neno la kigeni. Mama akisikia "nonbainari" ataenda kuuliza maana kwa mtu usiyemtaka. Mpelekee ile sentensi ya mwanzo, kwa maneno yake mwenyewe, mtu mmoja kwa wakati, na mahali pasipopita watu chini ya dirisha: barabara zetu ni nyembamba, na sauti ya ghorofani Mkomani husikika njiani. Kabla ya hapo hakikisha una pa kulala usiku mmoja kama mambo yataenda vibaya, nauli mfukoni, na kitambulisho chako mkononi mwako, si kabatini kwa baba. Kama bado unasomeshwa au kulishwa nao, kungoja ni akili. Usijihukumu kuwa muoga.

Jina likibadilika baada ya miaka, kama hubadilika kwa wengi, huna deni la kumweleza kila aliyewahi kulisikia. Mweleze mwenza wako na yule mmoja aliyekuita ndugu ulipomwomba. Katika nyaraka, anza na jina lenyewe, ambalo sheria ya Kenya inaruhusu kulibadili kwa hati ya kubadili jina (deed poll). Alama ya jinsia ni mlima mwingine. Audrey Mbugua, mwanamke transijenda, alilazimika kwenda mahakamani kuhusu cheti chake cha shule na akashinda mwaka 2014. Na zile tarakimu za zamani usizichane kwa hasira. Ukizilinganisha na za sasa utaona ni safu gani hazikuwahi kusogea, na hizo ndizo za kuandikia sentensi mpya.